Wiki mbili za misheni ng'ambo ya mpaka: dhana potofu na ukweli wake

Juni hadi Agosti ndio msimu ambao vikundi vingi vya makanisa ya Tanzania na Kenya huvuka mpaka kwenda Burundi, Rwanda, mashariki mwa Kongo au Malawi. Huenda kwa siku kumi, wengine wiki mbili. Mambo yakiharibika huko, mara nyingi yalikuwa yameshaharibika nyumbani, kwenye kikao cha maandalizi, kwa sababu ya jambo ambalo kila mtu aliona halihitaji kuulizwa.

Dhana: "Kiswahili kitatufikisha popote."

Kitakufikisha Uvira, Bukavu, Goma na Lubumbashi. Bujumbura kitakufaa sokoni na katika mitaa kama Buyenzi, na ukishuka kusini kando ya ziwa hadi Rumonge bado utaeleweka. Lakini panda milimani, Gitega au Ngozi, uone: mkutano mzima ni Kirundi. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, ila bibi wa kijijini aliyekaa mstari wa mbele anasikia Kinyarwanda. Ukiingia Malawi kwa Kasumulu, Mnyakyusa wa Kyela atasikilizana na Wangonde wa Karonga karibu bila shida. Songa hadi Rumphi na Mzuzu ukute Kitumbuka, na kusini zaidi Kichewa.

Basi mkalimani apangwe mapema, na wawe wawili wa kupokezana, maana baada ya dakika 30 au 40 za mfululizo mtu huchoka na kuanza kuruka sentensi. Muda nao hugawanyika: mahubiri ya dakika 30 yenye mkalimani yana maneno ya dakika 15 tu. Mhubiri asiyelijua hilo huishia kukimbiza nusu ya pili. Mpe mkalimani orodha ya mistari ya Biblia jana yake, ili aitafute na kuiweka alama katika Biblia ya lugha yake. Sema sentensi nzima, yenye wazo kamili, kisha nyamaza. Ukikata katikati, mkalimani wa Kirundi au Kichewa anabaki na kitenzi mkononi hajui akipeleke wapi. Mizaha na methali za kwenu ziache nyumbani, kwa kuwa watu watamchekea mkalimani kwa adabu na wewe utadhani umechekesha.

Dhana: "Sisi tutapanga ratiba, wenyeji watatupokea tu."

Hapa ndipo pana uzito wote. Kanisa mwenyeji ndilo lenye shughuli; wageni ni wasaidizi wa wiki moja au mbili. Mazungumzo yaanze miezi sita kabla, na swali la kwanza liwe: mna kazi gani mnayoifanya tayari, ambayo mikono yetu ingeisaidia? Jibu likiwa ni kufundisha walimu wa shule ya Jumapili, basi ndiyo kazi yenyewe, hata kama vijana wenu walikuwa na hamu ya mkutano wa hadhara wenye spika kubwa.

Majira nayo yana maana. Malawi, miezi ya Desemba hadi Machi ni ya upungufu: mahindi ya mwaka jana yamekwisha na mapya hayajakomaa. Ukipeleka watu 20 wakati huo, unakula akiba ya mwisho ya washirika, na hakuna atakayekuambia. Burundi, Jumamosi asubuhi ni muda wa kazi za jamii. Rwanda ni Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na saa hizo magari na maduka husimama. Basi lisipangiwe kuondoka hapo. Halafu, nchi hizo zote, pamoja na mashariki mwa Kongo na Malawi, ziko nyuma ya saa ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja. Ni jambo dogo, lakini limewahi kuwafikisha watu kanisani wakakuta mlango umefungwa.

Gharama za chakula, magodoro ya kuazima na mafuta ya gari la mwenyeji zihesabiwe na zitumwe kabla hamjafika, kwa mhazini wa kanisa, si kwa mtu mmoja mmoja. Kanisa maskini litachinja mbuzi kwa heshima yenu, kisha litalipa deni hilo miezi mitatu. Ongeza asilimia 10 ya bajeti kuwa mfuko wa dharura. Dola mnazobeba ziwe safi, zisizo na mikunjo wala maandishi. Noti za zamani au zilizochafuka maduka mengi ya kubadilisha fedha huzikataa au huzipunguzia thamani.

Dhana: "Tuna barua ya mchungaji, mpaka hautatusumbua."

Barua ya mchungaji haimtoi mtu Kasumulu. Pasipoti iwe na angalau miezi sita iliyobaki na kurasa tupu. Kenya, Uganda na Rwanda zinaruhusu raia wao kupita kwa kitambulisho cha taifa, ila mpango huo Mtanzania haumhusu. Wenye umri chini ya miaka 18 wasiosafiri na wazazi wabebe barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Mtu akiulizwa anakwenda kufanya nini, aseme kweli. Anayesema ni mtalii huku ana kipaza sauti na vipeperushi 2,000 ameshajitafutia kesi.

Mkutano wa nje unahitaji kibali, na mwombaji ni mwenyeji. Rwanda ilitunga sheria ya mashirika ya dini mwaka 2018 iliyokaza masharti ya majengo ya ibada na ya elimu ya viongozi wake, na makanisa kwa maelfu yamefungwa tangu wakati huo. Ulizeni kwa maandishi kama kanisa linalowaalika limesajiliwa na liko wazi.

Kuna mtego mmoja wa kadi za njano. Ya kwanza ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo anayechanjwa juzi ya safari hajatimiza sharti. Na tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha yote, hata cha zamani kilichoandikwa kuwa kinaisha baada ya miaka 10. Kongo hukidai kwa kila msafiri. Kadi ya pili ni bima ya gari ya COMESA, jumuiya ya soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo Tanzania pia inaitumia ingawa si mwanachama wa jumuiya hiyo. Kiongozi akisema "wote mna kadi ya njano?" na dereva akaitika, hakikisheni anasemea ipi. Dereva huyo huyo akumbushwe kwamba Burundi, Rwanda na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara.

Dhana: "Malaria ni ya wageni wa Ulaya, sisi tumezaliwa nayo."

Mtu aliyekulia Nairobi, Arusha au Njombe hana kinga ya maana, na hata aliyekulia pwani hupoteza sehemu ya kinga yake akikaa miaka kadhaa mahali pasipo malaria. Bujumbura na Karonga ziko kando ya maziwa, chini, na mbu ni wengi.

Zungumzeni na mhudumu wa afya wiki tatu au nne kabla. Doksisaiklini ya miligramu 100 humezwa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kufika hadi wiki nne baada ya kuondoka. Wengi huacha siku ya kurudi, na hapo ndipo dawa inapokosa maana. Imezwe na chakula na glasi nzima ya maji, na usilale mara baada ya kuimeza, kwani huunguza koo la chakula. Wajawazito na watoto chini ya miaka minane hawaitumii. Wao wapewe ushauri wao. Chandarua chenye dawa bebeni wenyewe, pamoja na kamba na misumari, kwa maana vyumba vingi vya wageni havina pa kukitundika.

Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi ipimwe malaria siku hiyo hiyo. Na mwambie daktari wa Nairobi ulikuwa wapi, la sivyo anaweza kuanza na taifodi.

Dhana: "Usiende mikono mitupu: nguo, dawa, peremende."

Mitumba iko Mzuzu na Bujumbura kama ilivyo soko la Karume, Dar es Salaam. Gunia la nguo litakugharimu ushuru, nafasi ya gari na ugomvi wa kugawana. Mkitaka kutoa vitu, nunueni huko huko, mwenyeji akichagua.

Dawa ni hatari zaidi. Shirika la Afya Duniani linataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake zinapofika, na maandishi yake yasomwe na wahudumu wa huko. Mifuko ya vidonge vilivyobaki nyumbani haifai hata kidogo. Daktari na muuguzi wenu hawaruhusiwi kutibu nchi nyingine kwa leseni ya kwao tu, wanahitaji kibali cha muda cha baraza la taaluma la huko. Na kambi ya matibabu ya siku mbili ikimkuta mama mwenye shinikizo la juu la damu ikampa vidonge vya siku saba, siku ya nane ana nini? Bora mumpime, mumwandikie vipimo kwenye karatasi kwa lugha yake, na mumpeleke zahanati iliyokubali kabla kuwapokea wagonjwa hao.

Vituo vya watoto yatima, tuseme wazi, viondoeni kwenye ratiba. Watoto wengi wa vituo hivyo wana mzazi aliye hai, na mgeni anayewakumbatia wiki moja kisha akatoweka anawaongezea mtu mwingine aliyewaacha. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017. Picha ya mtoto isipigwe bila ruhusa ya mzazi.

Dhana: "Waliokoka 300."

Walionyoosha mikono 300. Baadhi ni washirika wa siku zote, wengine ni watoto walionyoosha jana pia, na wengine wanamheshimu mgeni. Ripoti iandike kilichoonekana: watu wangapi waliandikishwa jina, mtaa na simu, na daftari lipo kwa nani. Daftari libaki kwa mwenyeji, kwa mtu mmoja anayejulikana jina, atakayewatembelea kabla ya wiki moja kupita.

Dhana: "Misheni ni kazi ya Wazungu."

Apolo Kivebulaya, Muganda, alivuka kwenda Mboga nchini Kongo mwaka 1896. Uamsho wa Gahini, Rwanda, ulifika Kabete, Kenya, mwaka 1937 kwa vikundi vya watu waliosafiri, wakashuhudia, wakarudi makwao.

Dhana: "Tukirudi, kilichobaki ni ushuhuda Jumapili."

Mtafiti Kurt Ver Beek alifuatilia vikundi vya Amerika Kaskazini vilivyokwenda kujenga nyumba Honduras baada ya kimbunga Mitch cha 1998. Washiriki walisema safari iliwabadilisha, lakini kumbukumbu za michango yao hazikuonyesha mabadiliko makubwa. Na wenyeji waliojengewa na wageni hawakutofautiana sana na waliojengewa na watu wa kwao. Bila ufuatiliaji, hisia za uwanja wa ndege huisha upesi.

Vikao vitatu vinatosha. Cha kwanza ni jioni ya mwisho huko huko: wenyeji wakae peke yao kwanza, waandike yaliyowachosha, kisha walete. Mbele yenu watasema kila kitu kilikuwa kizuri. Cha pili ni ndani ya siku 14 nyumbani, kila mmoja akijibu kwa maandishi aliyoyaona, aliyokosea kuyaelewa, na atakachoendelea kukifanya kwa jina na tarehe. Hesabu za fedha zisomwe hapo, na nakala iende kwa mwenyeji kabla haijasomwa kanisani kwenu. Cha tatu ni mwezi wa tatu, mwenyeji akiwa kwenye simu yenye spika, na aanze yeye: nani kati ya walioandikishwa bado anakuja, walimu wale wanatumia kipi katika walichofundishwa, na kama deni la mbuzi limelipwa.