Mapengo katika Mabawa ya Polygonia

Kila ninapowafungulia wanafunzi droo ya vipepeo wa Ulaya, swali la kwanza huwa ni lile lile: nani amewararua mabawa vipepeo hawa? Ni swali la haki. Kipepeo wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Polygonia, hata akiwa ametoka saa hiyo hiyo kwenye pupa, yaani ganda ambamo kiwavi hugeuka kuwa kipepeo, huonekana kana kwamba ameponea chupuchupu mdomoni mwa ndege, kwa jinsi kingo za mabawa yake zilivyojaa pembe, menomeno na mapengo ya kina. Jibu langu ni kwamba hakuna aliyemrarua. Ndani ya pupa, bawa lake huanza likiwa na ukingo ulio laini zaidi. Kisha mstari hujitokeza karibu na ukingo huo, na seli zote zilizobaki nje ya mstari hufa kwa utaratibu uliopangwa na mwili wenyewe, kama fundi cherehani anavyochora kwa chaki na kukata kitambaa kinachozidi. Vipepeo wengine pia hukatwa mabawa yao kwa njia hii, lakini ni wachache ambao mkasi wao hupita mahali penye kona nyingi kiasi hiki.

Jina lenyewe linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya pembe nyingi, na lilitolewa na mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Jacob Hübner, mwaka 1819. Jenasi hii ni ya kaskazini: spishi zake huishi Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, na moja tu, Polygonia c-album, inagusa bara letu katika nchi za Afrika ya Kaskazini. Spishi hiyo ndiyo ninayoifahamu zaidi. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeweka mfumo wa majina ya kisayansi, aliielezea mwaka 1758 na kuipa jina linalomaanisha C nyeupe, kwa sababu chini ya kila bawa la nyuma pana alama ndogo nyeupe yenye umbo la herufi hiyo. Ndugu yake wa Marekani, Polygonia interrogationis, ana alama kama hiyo yenye nukta pembeni, na walioitazama waliona ndani yake alama ya kuuliza.

Anayetaka kuelewa mapengo hayo asimtazame kipepeo akiwa amekunjua mabawa juani, yenye rangi ya machungwa na madoa meusi, maana hapo umbo halina kazi kubwa. Amtazame amefunga mabawa. Upande wa chini ni wa kahawia na kijivu, wenye michirizi kama ya gome la mti, na ukingo uliokatikakatika humaliza kazi: jicho la ndege linalotafuta umbo la kipepeo halilipati, linaona jani kavu. Vipepeo wengi wa nchi za baridi huvuka majira hayo wakiwa mayai, viwavi au pupa, lakini Polygonia huyavuka akiwa kipepeo kamili, ametulia kwa miezi kwenye tawi au shina la mti, bila kula na bila uwezo wa kuruka ghafla akigunduliwa, kwa sababu baridi imemkaza misuli. Kwa mnyama wa namna hiyo, kufanana na jani lililokufa ndiyo kinga karibu yote aliyo nayo.

Ushahidi unaonishawishi zaidi kwamba baridi ndiyo iliyochonga umbo hili unatoka kwa vipepeo wa kiangazi. Polygonia c-album ana sura mbili. Wale watakaolala majira ya baridi huwa na upande wa chini wa giza na mapengo ya kina. Wale wanaotoka mapema kiangazi, ambao watazaa na kufa ndani ya wiki chache, huwa na rangi iliyopauka na kingo zisizokatika sana. Sura hii ya pili inaitwa hutchinsoni, kwa heshima ya Emma Hutchinson, mtafiti wa karne ya 19 aliyewafuga viwavi wa kipepeo huyu huko Herefordshire, Uingereza.

Anayeamua sura ni kiwavi. Utafiti uliofanywa Stockholm, Uswidi, ulionyesha kwamba kiwavi hasomi urefu wa siku peke yake, bali pia mwelekeo wake, yaani kama siku zinarefuka au zinafupika. Zikiwa bado zinarefuka, muda wa kupata kizazi kingine upo, naye hugeuka kuwa hutchinsoni. Zikianza kufupika, hujiandaa kwa baridi. Katika mji ambao siku ya Desemba ina mwanga wa saa 6 na ya Juni ina zaidi ya 18, saa hiyo ya mwilini mwa kiwavi haikosei. Kwetu haiwezi kufanya kazi, kwani Nairobi tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi haifiki hata robo saa. Kipepeo wetu Precis octavia, ambaye naye ana mabawa yenye pembe na sura mbili, ya buluu wakati wa kiangazi na ya rangi ya machungwa wakati wa mvua, hutegemea zaidi joto analolipata akiwa bado anakua.

Kiwavi wa c-album ana kinga yake pia: nusu ya mgongo wake wa nyuma ni nyeupe, na akijikunja juu ya jani hufanana kabisa na kinyesi cha ndege. Hula majani ya mti wa elmu, ya hopsi inayotiwa kwenye bia, na ya ule mmea unaowasha wa jamii ya thabai tunaoujua katika nyanda za juu za Kenya. Mwanzoni mwa karne ya 20 kipepeo huyu alikuwa karibu kutoweka Uingereza, amebaki zaidi katika kaunti za mpakani mwa Wales zilizolima hopsi. Tangu hapo amesambaa tena kaskazini hadi Scotland, na viwavi wengi wanaopatikana sasa huko wako kwenye thabai, mmea unaoota kando ya kila shamba na kila njia.