Je, wajua kwa nini jenerali Wang Jian wa China ya kale alikuwa anaomba mashamba njia nzima akienda vitani?

Jamaa kakabidhiwa askari 600,000, yaani karibu jeshi lote la dola ya Qin, anaenda kuipiga dola jirani ya Chu, na hata mpaka hajavuka anarudisha wajumbe kwa mfalme Zheng kuomba mashamba yenye rutuba. Hapo kabla hajaondoka alishaomba nyumba, bustani na mabwawa, mfalme akacheka tu. Mpaka anafika geti la mpakani katuma wajumbe mara tano! Mtu wake wa karibu ikabidi amwambie, mzee hapa umezidi.

Kumbe mzee anajua anachofanya. Majenerali wengi wa China ya kale walimalizwa na mabosi wao wenyewe. Bai Qi wa hukohuko Qin aliisambaratisha dola nyingine, Zhao, pale Changping mwaka 260 KK, halafu akaja kugoma kwenda vita ambayo hakuiamini, mfalme akampelekea upanga ajiue. Li Mu wa Zhao naye aliwasumbua sana Qin, wakahonga mtu wa ikulu ya Zhao, fitina ikapikwa, akauawa na upande wake, na aliyekuwa anapambana naye wakati huo ni Wang Jian huyuhuyu, kwa hiyo stori aliijua vizuri.

Tena Qin kuwatoa askari zaidi ya 50 tu kulihitaji kibali cha shaba, kisanamu cha chui milia kilichopasuliwa katikati, nusu ya kulia anayo mfalme na ya kushoto anayo ofisa, visipoingiana hakuna anayetoka labda moto wa kuashiria hatari uwe umewashwa. Sasa serikali inayohesabu watu hamsini imempa mtu mmoja laki sita, atalala kweli huyo mfalme?

Na hakumpa kwa kupenda. Mwanzo Wang Jian alisema kuipiga Chu kunataka laki sita, jenerali kijana Li Xin akasema laki mbili zinatosha, mfalme akaona mzee kachoka, Wang Jian akasingizia ugonjwa akarudi kwao Pinyang. Li Xin akachapwa vibaya, makamanda saba wakauawa, mfalme akamfuata mzee mwenyewe kuomba radhi.

Ndo maana akamjibu yule jamaa yake kwamba mfalme haamini watu, nisipoomba mali za wanangu atakaa anihisi vibaya. Mtu anayewaza shamba la wajukuu hawazi kiti cha enzi, bonge la akili hilo.

Kule Chu wala hakukimbilia kupigana, akajenga ngome, askari wakala, wakaoga, wakapumzika, mpaka aliposikia wanashindana kurusha mawe na kuruka ndo akasema sasa wako fiti. Chu wakachoka kusubiri wakaanza kuondoka, akawafuata, 223 KK dola yao ikaisha.

Meng Tian, jenerali mwingine wa Qin ambaye baadae alipewa askari 300,000 wa mpaka wa kaskazini, hakubahatika. Zheng alipofariki 210 KK wakubwa wa ikulu walimtungia amri feki, akawekwa ndani, akaishia kunywa sumu.