Upimaji si jina jipya la mtihani

Kwenye mkutano wa wazazi huku Rungwe, mkoani Mbeya, mvua ikipiga bati mpaka mwalimu mkuu akalazimika kusimama katikati ya watu ili asikike, baba mmoja alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, tumesikia watoto wa awali wameshafanya upimaji. Wangu amekuwa wa ngapi?"

Mtoto wake ana miaka mitano. Wazazi wengine walitikisa vichwa kuafiki, maana swali hilohilo lilikuwa midomoni mwao. Simlaumu yule baba. Neno hilo kalipokea kutoka kwetu walimu, na sisi tumelitumia vibaya kwa muda mrefu. Tunachapa karatasi yenye maswali kumi, tunawakalisha watoto mbalimbali wasitazamiane, tunasahihisha, tunapanga majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, halafu juu ya karatasi tunaandika "Upimaji wa Muhula". Nimeyaona hayo Iringa, nimeyaona Makambako, na juzi nimeyaona tena kwenye kundi la simu la walimu wa awali, mwenzetu akiomba "maswali ya upimaji" ya kuwapa watoto ambao bado hawajajua kushika penseli.

Maana ya upimaji ni fupi. Kupima stadi za awali za kusoma na kuandika ni kumwangalia mtoto anapozungumza, anaposikiliza hadithi, anaposhika kitabu, anapochora na anapojaribu kuandika. Kisha kuandika ulichokiona, na kukitumia kuamua kesho umfundishe nini. Mtihani ni njia mojawapo ya kupima, na kwa watoto wakubwa una kazi yake. Kwa mtoto wa darasa la awali unakuonyesha kidogo sana.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, maana humo ndimo tulimopotelea.

Kupima ni neno la Kibantu, la kwetu kabisa. Kabla ya mita na futi, Waswahili walikuwa na kipimo cha urefu kilichoitwa pima: mtu ananyoosha mikono yote miwili, na kutoka ncha ya vidole vya mkono huu hadi ncha ya vidole vya mkono ule ni pima moja, sawa na mikono minne ya kiwiko. Kipimo hicho huwezi kukitumia ukiwa umekaa mbali. Sharti usogee, uishike kamba, uivute kifuani mwako, usogeze tena. Anayepima na kinachopimwa wanagusana.

Mtihani umetoka kwenye Kiarabu, imtihani, na ndugu yake wa damu katika lugha hiyo ni mihna, yaani masaibu, majaribu mazito. Kiswahili hakijaipoteza maana hiyo. Aliyeunguliwa na nyumba huambiwa, "Huu ni mtihani, Mungu akupe subira." Mtihani ni jambo linalomkuta mtu, ama atalishinda, ama litamshinda. Ukilichukua neno hilo ukalivika jina la upimaji, halibadiliki tabia. Mtoto analijua hata kabla hujamweleza, kwa sababu siku hiyo mwalimu haongei kama siku nyingine, na ukimwuliza rafiki yako unaambiwa umeibia.

Lipo na la tatu, tathmini, ambalo nalo tunalichanganya. Asili yake ni thaman ya Kiarabu, bei, ndiyo iliyotupa thamani. Kutathmini ni kutia thamani: hii imefaa, hii haikufaa. Kwa hiyo tathmini huja baada ya kupima, kama vile mnunuzi wa viazi pale Uyole hataji bei kabla gunia halijapanda mzani. Na katika darasa la awali, kinachostahili kutiwa thamani kwanza ni ufundishaji wangu. Nikiwapima watoto nikakuta wengi hawasikii kwamba "mama" na "maji" yanaanza kwa sauti moja, tathmini yake ni kwamba somo langu la sauti halikuingia. Hakuna mtoto aliyefeli hapo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko zahanati. Kila mama wa hapa anaijua kadi ya kliniki. Mtoto ananing'inizwa kwenye mzani, muuguzi anasoma uzito, anaweka nukta kwenye kadi, anaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Mstari ukipanda, wanafurahi wote wawili. Ukilala au kushuka, muuguzi anauliza: aliharisha? ameachishwa ziwa? uji unauweka nini? Sijawahi kumsikia mama anayetoka kliniki akiulizwa mtoto wake amekuwa wa ngapi katika kilo. Mtoto analinganishwa na mstari wake mwenyewe wa mwezi uliopita, na swali linalofuata ni nini kifanyike. Huko ndiko kupimwa, na jambo hilo wazazi wanalielewa vizuri sana. Ni wazazi walewale wanaokuja shuleni na kuuliza nafasi.

Na Iringa ina haki ya kulidai neno hili kuliko sehemu nyingi duniani. Kuanzia mwaka 1983 mkoa huo ulikuwa na mpango mkubwa wa lishe ulioendeshwa na serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, ukianzia katika vijiji 168. Kijiji kilikuwa na siku yake ya kuwapima watoto wadogo uzito. Matokeo hayakufungiwa kwenye faili la wilaya. Wanakijiji waliyajadili wenyewe, wakatafuta sababu, wakaamua la kufanya, kisha wakapima tena baada ya miezi kadhaa waone kama uamuzi wao umefaa. Kupima, kuchambua, kuchukua hatua, kisha kurudi mwanzo. Mzunguko huo uliondoka Iringa ukaingia katika mikakati ya lishe ya UNICEF na ukafundishwa nchi nyingine. Bibi zetu waliufanya chini ya mti. Sisi, tuliosomea ualimu, tunapima tunaishia kwenye orodha ya majina.

Katika kusoma, aliyelifanya jambo hili kwa uvumilivu mkubwa ni Marie Clay wa New Zealand. Katika utafiti wa tasnifu yake ya mwaka 1966, aliwafuatilia watoto 100 katika mwaka wao wa kwanza shuleni, wiki baada ya wiki, akiandika kila mmoja anafanya nini mbele ya maandishi. Kwake yeye mtoto hubadilika kidogokidogo kuelekea kusoma muda mrefu kabla hajasoma neno la kwanza, na mabadiliko hayo yanaonekana kwa macho ukikaa karibu.

Yanaonekanaje? Mpe mtoto kitabu kichwachini uone kama atakigeuza. Mwambie, "Nataka kusoma, nianzie wapi?" Mmoja ataweka kidole kwenye picha ya mbuzi, kwa sababu kwake hadithi inakaa kwenye picha. Mwingine ataweka kwenye neno la kwanza kushoto, na ukifika mwisho wa mstari atakurudisha chini kushoto bila kuambiwa. Hawa wawili hawajui kusoma hata mmoja, na mtihani ungewapa wote sifuri. Lakini wa pili amesafiri mbali, na somo la kesho la huyu si somo la kesho la yule. Mtoto anayepita na mama yake sokoni Mwanjelwa akanyoosha kidole kwenye bango, akasema, "Hapa wanatuma hela," naye kapiga hatua: amejua kwamba alama zile zinasema kitu.

Baadaye akianza kusoma, kaa naye pembeni na karatasi. Kila neno alilosoma sawasawa weka vema, alipokosea andika hasa alichosema. Usimkatize. Maandishi yanasema "Baba analima shamba," yeye anasoma "Baba analima mahindi." Hilo kosa lina akili ndani yake, kwa sababu sentensi bado ina maana, anachohitaji ni kuangalia herufi. Mwingine anasoma "Baba analima shabu," anajitahidi na herufi lakini maana imemponyoka wala hashtuki. Alama ya kosa ni moja, msaada ni tofauti. Na ukimwona anasoma, anasita, anarudi nyuma, anajirekebisha mwenyewe, liandike kwa herufi kubwa. Hiyo ni dalili nzuri kuliko vema kumi.

Hapa nitoe tahadhari kwa walimu wanaohamia nyanda zetu. Kinyakyusa hakina r wala z. Mtoto wa Tukuyu akisoma "habari" akatamka "habali," au "maziwa" yakawa "masiwa," amesoma. Macho yameiona r, ulimi umeitoa kwa lugha ya mama yake. Kumwekea mkasi wa kosa hapo ni kupima Kinyakyusa ukadhani unapima kusoma. Vivyo hivyo anayeandika "bwa" akikusudia mbwa, au "gombe" akikusudia ng'ombe: amesikiliza sauti, akazikamata karibu zote, zimebaki zile za puani. Umeshajua umfundishe nini Jumatatu.

Kuna neno jingine linalotuponza, kusoma lenyewe. Kwa Kiswahili mtu husema, "Mwanangu anasoma darasa la pili, ila hajui kusoma," na sentensi hiyo haina kosa lolote la sarufi. Kwenda shule na kufahamu maandishi tumeviita jina moja, ndiyo sababu ni rahisi kudhani kimoja kinaleta kingine. Tukaongezea na kukariri, ambalo kwa Kiarabu ni kurudiarudia. Darasa zima likiimba "ba be bi bo bu" hadi madirisha yanatetemeka, mgeni husifu. Chukua kadi yenye "bo" peke yake umwonyeshe mtoto mmoja. Akilazimika kuanzia "ba" na kuhesabu kwa vidole hadi aifikie, amekariri wimbo, na kazi ya kusoma bado iko mbele yake. Hilo hutaliona darasa likiwa linaimba. Utaliona ukichuchumaa karibu yake, pima moja au chini ya hapo.

Najua jibu la wenzangu: darasa lina watoto mia. Kweli, na uchovu wake naujua. Usiwaangalie mia. Chagua watano kwa siku wakati wengine wanachora au wanacheza kwenye kona zao, daftari mfukoni, mstari mmoja au miwili kwa kila mtoto, na tarehe. Kwa siku kumi za shule umefika hamsini, kwa mwezi umewapitia wote. Mistari miwili ya kweli kuhusu mtoto mmoja inanifaa kuliko "78%" ambayo haisemi anachokijua wala asichokijua.

Hata Baraza la Mitihani la Tanzania hutofautisha maneno haya: zoezi la darasa la nne huliita Upimaji wa Kitaifa, na Januari 2023 lilitoa matokeo ya kidato cha nne bila kutangaza orodha ya shule na watahiniwa bora. Ikiwa vijana wa kidato cha nne wameondolewa kwenye orodha hiyo, mtoto anayelala mchana hana sababu ya kuwa kwenye ya kwetu.

Yule baba nilimfuata baada ya mkutano, mvua ikiwa imepungua. Nikamwambia, "Baba, kwenye upimaji wa awali hakuna wa kwanza. Ila niulize mwanao ameanza kufanya nini ambacho mwezi jana alikuwa hakifanyi, nina jibu." Akauliza. Nikafungua daftari nikamsomea: tarehe tatu aliandika jina lake akaruka herufi moja, tarehe kumi na tisa aliliangalia, akasema, "Hapa pana kitu kimekosekana," akaiweka mwenyewe.

Alisimama kidogo, akaomba nimwonyeshe ni herufi gani.