Magunia 15 ya wapi? Ninavyopima wachezaji na timu za kriketi ya testi

Kazi yangu ni takwimu za mazao. Msimu wa mavuno ukifika nazunguka na mizani na kamba: Mbozi, Mbarali, na mara nyingine nashuka hadi Ismani, kule Iringa. Mkulima wa Ismani akiniambia amevuna magunia 15 ya mahindi kwa ekari moja, nampa mkono wa pongezi. Wa Mbozi akinitajia magunia hayo hayo, namuuliza kulikoni mwaka huu. Ismani ni kukavu na ardhi yake imelimwa mahindi miaka mingi. Mbozi mvua haina ubahili. Idadi ni moja, lakini habari zake ni mbili tofauti.

Nimeanza na mahindi kwa sababu ya kijana mmoja fundi simu pale Mwanjelwa. Mimi na yeye tunafuatilia kriketi, na kwa Mbeya hii wa namna yetu tunahesabika. Juzi aliniuliza, "Kaka, mpigaji mwenye wastani wa 50 si lazima awe bora kuliko mwenye 45?" Nikamjibu, "50 za wapi, mdogo wangu?" Wateja walikuwa wamejaa, hatukumaliza. Namalizia hapa.

Kwa asiyeujua mchezo huu, mechi ya testi huchezwa hadi siku tano, na kila timu ina zamu mbili za kupiga. Wastani wa mpigaji ni mikimbio yake yote, yaani alama alizopata, ikigawanywa kwa mara alizotolewa. Wa mrushaji ni mikimbio aliyofungwa ikigawanywa kwa wiketi alizoangusha, yaani wapigaji aliowatoa, kwa hiyo yeye anataka namba ndogo. Don Bradman wa Australia alipata mikimbio 6,996 na kutolewa mara 70, ndiyo ile 99.94 maarufu. Mwaka 1948, katika zamu yake ya mwisho pale The Oval, London, alihitaji mikimbio 4 tu ili afikishe 100 kamili. Eric Hollies akamtoa kwa sifuri.

Wastani ni chombo kizuri na sitaki mtu aone naudharau. Ila ni mizani tu. Inakupa kilo bila kukuambia mbegu ililala kwenye udongo gani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Multan, Pakistan, Oktoba 2024. Katika mechi ya kwanza dhidi ya Uingereza, Pakistan walipiga 556. Uingereza wakajibu kwa 823 wakiwa wamepoteza wiketi 7 tu: Harry Brook 317, Joe Root 262. Pakistan wakarudi, wakaishia 220, wakapoteza kwa zamu nzima na mikimbio 47, yaani zamu zao mbili zikijumlishwa bado zilipungua 47 kuifikia moja ya Uingereza. Hakuna timu iliyowahi kuvuka 500 katika zamu ya kwanza ya testi ikapoteza kwa namna hiyo. Mimi katika mechi ya aina hii najumlisha mikimbio yote ya timu zote mbili, nagawanya kwa wiketi zilizoanguka. 1,599 kwa 26 ni kama 61.5. Maana yake wiketi moja ya siku zile iligharimu mikimbio zaidi ya 61. Hiyo ndiyo rutuba ya shamba.

Halafu mechi ya pili. Pakistan waliamua kuchezea pichi ile ile, yaani ukanda wa udongo mpira unapodundia, ikaushwe kwa mafeni makubwa, na wakawaacha nje baadhi ya nyota wao, akiwemo Babar Azam. Udongo ukachakaa, mpira ukaanza kukata kona. Warushaji wawili wa mpira wa kuzunguka, Noman Ali na Sajid Khan, waliangusha wiketi zote 20 za Uingereza, Pakistan wakashinda kwa mikimbio 152. Nikapiga hesabu ile ile: 1,022 kwa wiketi 40, kama 25.5. Uwanja uleule, ukanda uleule wa udongo, na siku tatu tu za kupumzika katikati, lakini mavuno yameshuka chini ya nusu. Sasa Kamran Ghulam, aliyepiga 118 katika mechi hiyo ya pili, ikiwa ndiyo testi yake ya kwanza maishani, utamweka fungu moja na waliopiga mia katika ile ya kwanza? Mimi siwezi. Kwenye takwimu rasmi, mia ni mia.

Chukua wawili waliofanana kabisa kwa sura. Abdullah Shafique katika mechi ile ya kwanza ya Multan alipiga 102, kisha sifuri. Aiden Markram wa Afrika Kusini, katika fainali ya Ubingwa wa Dunia wa Testi pale Lord's, Juni 2025, alianza na sifuri, kisha 136. Kila mmoja ana mia moja na yai moja. Wastani wa Shafique kwa mechi ni 51, na wa Markram ni 68, ukiangalia haraka utasema wamepishana kidogo. Ila Lord's wiketi moja iligharimu mikimbio 24 hivi (839 kwa wiketi 35). Markram alivuna karibu mara tatu ya shamba lake, Shafique alivuna pungufu ya wastani wa shamba lake. Tena Markram alikuwa anafukuzia 282 katika zamu ya nne, pichi ikiwa imeshatumika, mbele ya mrushaji wa Australia, Pat Cummins, aliyekuwa ametoka kuangusha wiketi sita kwa mikimbio 28. Simlaumu Shafique hata kidogo. Nasema tu kwamba mtu akiniletea namba mbili bila mashamba yake, sina ninachoweza kumwambia.

Kuna na suala la mpinzani. Adam Voges wa Australia alistaafu na wastani wa 61.87 kwa mechi 20, na kwenye orodha nyingi anakaa nyuma ya Bradman moja kwa moja. Dhidi ya West Indies peke yao, ambao wakati ule walikuwa dhaifu, alipata 542 na kutolewa mara moja tu. Ziondoe hizo, anabaki na 943 kwa kutolewa mara 23, yaani 41. Arobaini na moja ni mpigaji mzuri, naye alisubiri hadi miaka 35 ndipo akaitwa, subira ninayoiheshimu sana. Ila mechi 20 ni chache. Mimi mkulima mwenye misimu miwili simwandikii cheti.

Timu ni ngumu zaidi kupima kuliko mtu, na hapa ndipo kijana wangu hukasirika. Ubingwa wa dunia hutoa pointi 12 kwa ushindi na 4 kwa sare, kisha timu hupangwa kwa asilimia ya pointi zilizowezekana, kwa sababu hazichezi mechi sawa. Msimu wa 2023 hadi 2025 Afrika Kusini walicheza mechi 12: ushindi 8, sare 1, wamepoteza 3. Pointi 100 kati ya 144, asilimia 69.44. Australia walicheza 19, wakashinda 13, na kwa sababu waliadhibiwa pointi 10 kwa kurusha ova (mafungu ya mipira sita) polepole wakati wa ziara ya Uingereza, wakaishia 67.54. Wa kwanza akawa Afrika Kusini, ambao kabla ya fainali hawakukutana na Australia wala Uingereza hata mara moja. Na katika hizo tatu walizopoteza, mbili ni dhidi ya New Zealand, Februari 2024, walipopeleka kikosi cha akiba kwa kuwa nyota wao walibaki nyumbani kwenye ligi ya ova 20, ile ya mechi fupi. Asilimia haijui kwamba ile haikuwa timu yenyewe.

Kwa hiyo mimi kwa timu naangalia ugenini kwanza. New Zealand walitoka Sri Lanka Septemba 2024 wamefungwa 2–0. Wiki chache baadaye wakaenda India bila mpigaji wao nyota, Kane Williamson, wakashinda 3–0, nchi ambayo haikuwa imepoteza mfululizo wa nyumbani tangu 2012. Pale Bengaluru waliwatoa wenyeji wote kwa mikimbio 46. Ushindi mmoja wa namna hiyo kwenye daftari langu ni mzito kuliko kuitandika timu changa nyumbani mara tano.

Njia yangu ina tundu, na nalijua. Uwanja wa Headingley, 2019, Uingereza walikuwa wanafukuzia 359 dhidi ya Australia, imebaki wiketi moja na mikimbio 73. Ben Stokes alimaliza na 135 bila kutolewa. Upande wa pili alisimama Jack Leach, mrushaji, akakabili mipira 17 na kupata mkimbio 1. Walishinda. Zidisha, gawanya, linganisha na shamba, na mkimbio ule unabaki 1. Niliuandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, na pembeni yake nikaweka idadi ya mipira, 17. Kijana wa Mwanjelwa akipata nafasi aje nimwonyeshe ukurasa wenyewe.