Kichocho kina saa yake

Pale maabara tunamchukua konokono wa kijitoni, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, tunamtia peke yake kwenye kikombe cha maji safi na kukianika juani. Kama ana maambukizi, haipiti muda mrefu maji yanaanza kuchangamka. Ukikiinua kikombe kwenye mwanga na macho yako ni makali, utaona vijichembe vinapanda na kushuka kama vumbi dirishani. Hivyo ndivyo vimelea vya kichocho. Havisubiri kidonda wala kumezwa. Vinapenya ngozi nzima, isiyo na mchubuko, kwa dakika chache tu.

Nimefanya kazi hii Unguja na Pemba kwa miaka, na nikikaa na wazazi huanza na kikombe hicho, kwa sababu kinaonesha jambo ambalo mabango yetu hayalisemi: kichocho kina saa yake. Konokono humwaga vimelea kwa wingi jua linapokuwa kali, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Vimelea vikishaingia mwilini hukua kuwa minyoo, na mayai ya minyoo hiyo nayo hutoka kwa wingi katika mkojo wa mgonjwa saa hizohizo, na mkojo ukifika majini konokono huambukizwa upya. Ndiyo maana tukienda skuli kupima hatukusanyi mkojo wa alfajiri. Tunangoja mchana, tunachuja mililita 10 kwa bomba la sindano, kisha chujio tunaliweka chini ya darubini. Yai lake hulikosei: lina mwiba mmoja nchani.

Sasa fikiria mtoto anatoka skuli saa ngapi, na njia ya kwenda kwao inapita wapi.

Kwa hiyo nakasirika nikisikia kichocho kikiitwa ugonjwa wa wachafu. Anayekwenda kijitoni amekwenda kufua na kukoga. Amefuata usafi! Wala si kila bonde lina hatari. Kusini mwa Unguja kuna konokono anayefanana sana na huyu wetu, lakini hasambazi kichocho. Vijiji viwili vyenye tabia zilezile, kimoja watoto wanakojoa damu na kingine hawajui ni kitu gani.

Dawa tunayo, prazikwanteli, na inafanya kazi. Kipimo cha dozi ni fimbo yenye alama: mtoto anasimama, urefu wake unatuambia vidonge vingapi, naye anavimeza akiwa ameshakula. Ila dawa hii huua minyoo mikubwa, na michanga huiacha. Aliyeingia majini wiki iliyopita anaweza kumeza leo na baada ya miezi miwili au mitatu mayai yakaonekana tena. Mzazi akiniambia "dawa yenu haifai", simbishii kwanza. Namuuliza mtoto anaogelea wapi.

Kati ya 2011 na 2017 palifanyika mradi mkubwa visiwani. Shehia nyingine zilipewa dawa peke yake, nyingine dawa pamoja na kuua konokono, nyingine dawa pamoja na elimu, vyoo vya kukojolea skuli na majukwaa ya kufulia. Maambukizi yalishuka kote, hata palipogawiwa dawa tu. Nalisema wazi kwa sababu wapo wanaoidharau dawa. Lakini kuna maeneo machache yaliyobaki yanarudi palepale kila mwaka, na huko ndiko saa na mahali vinapohitaji kufuatiliwa, nyumba kwa nyumba, kijito kwa kijito. Sumu ya kuulia konokono inaua na samaki, kwa hiyo hapanyunyiziwi kitu kabla ya kuzungumza na sheha na wenye bonde.

Wanaoniumiza zaidi ni kinamama. Miaka yote tumehesabu watoto wa skuli, na huku mayai yaleyale yanakwama kwenye mlango wa kizazi na kuleta vidonda, maumivu na damu baada ya tendo la ndoa. Mama mmoja alinivuta pembeni baada ya mkutano, akazungumza huku ameshika ncha ya kanga mdomoni. Alikuwa ameshatibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu kwenye kituo kimoja, na mumewe hamwamini tena. Hakuna aliyemuuliza kama utotoni alikuwa akifua mtoni. Tangu 2022 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka watu wazima nao wapewe dawa palipo na maambukizi mengi, na kwangu hilo lilichelewa sana.

Nakumbuka jukwaa moja la kufulia, zuri, la saruji, lililojengwa mahali pasipo na kivuli. Wanawake walifua hapo siku chache, wakarudi kijitoni chini ya mwembe. Tulipowauliza, mmoja alijibu: "Mchana wote juani, na mtoto mgongoni?" Shehia ninayokwenda wiki ijayo hawajachimba msingi bado. Nitakaa nao mchana, jua likiwa utosini, wanioneshe wenyewe kivuli kinaangukia wapi.