Dakika 20 za kuieleza nchi yako

Barua ya mwaliko huwa fupi: chakula cha mchana, klabu ya Rotary au Lions (vyama vya watu wanaojitolea kusaidia jamii), dakika 20, mada ni nchi yako. Maofisa wengi wachanga niliowafundisha kazi ubalozini huiona shughuli hii kama mapumziko. Mimi huwaambia hii ndiyo kazi yenyewe. Ibara ya 3 ya Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia imeorodhesha majukumu ya ubalozi, na kukuza urafiki kati ya nchi mbili ni mojawapo. Urafiki huo hauishii wizarani.

Jua kwanza unaongea na nani. Rotary ilianza Chicago mwaka 1905, Lions ikafuata 1917. Rotary imepigana na polio duniani kote tangu 1985, na Lions wanahangaikia wasioona tangu Helen Keller, mwandishi Mmarekani asiyeona wala kusikia, alipowaomba mwaka 1925. Walioketi mbele yako ni daktari, mhandisi, mfanyabiashara, mwalimu mstaafu, watu waliozoea kuuliza msaada unamfikia nani na kwa njia ipi. Ukianza kuwasomea pato la taifa, umeshawapoteza.

Ofisa mmoja aliniletea hotuba yenye slaidi 34. Nikamwomba abaki na ramani moja ya karatasi, aweke kidole kwenye kijiji alichozaliwa, halafu aeleze safari ya kutoka pale hadi mji mkuu: lami inaanzia wapi, lugha inabadilika wapi, mtoni watu wanavuka kwa njia gani. Alizungumza dakika 12 tu. Swali la kwanza lilitoka kwa mzee wa meza ya nyuma: “Mvua ikinyesha, mama mjamzito anafikaje hospitali?” Kijana akanyamaza kidogo, akajibu: “Wengine hawafiki.” Ukumbi mzima ulitulia. Kuanzia hapo maswali hayakukatika mpaka mwenyekiti akagonga kengele.

Wapo wakubwa ambao wangemkemea kwa jibu lile. Mimi nilimshukuru. Wasikilizaji wa namna hii wanaijua sifa iliyopikwa, na ukikiri upungufu mmoja wa kweli, wanakuamini pia unapotaja mazuri ya kwenu.

Mpaka wenyewe uko kwingine. Ibara ya 41 ya mkataba uleule inamkataza mwanadiplomasia kuingilia mambo ya ndani ya nchi aliyomo, na swali la uchaguzi wao au la kodi zao halikosi. Hapo nawafundisha kujibu kwa upole: “Hilo ni lenu wenyewe kuamua. Niulizeni ya kwetu.” Usitoe maoni hata kwa utani, maana ukiwa umesimama pale, neno lako linahesabiwa kuwa la serikali yako.

Hotuba ikiisha, usikimbilie gari. Iache ramani mezani. Siku ile yule mzee alikuja taratibu, akavaa miwani, akaufuata mto kwa kidole, kisha akamwomba kijana amwonyeshe wanapovukia.