Je wajua kwa nini resipi za kale zilikua hazina vipimo?

Juzi nilikua nataka kutengeneza sandwichi za nyama za kuwafungia watoto waende nazo shule, nikampigia mama mdogo, yeye yuko Sengerema upande wa pili wa ziwa, anielekeze. Akanitumia voisi: "Chukua nyama uichemshe mpaka ilainike, tia limao kiasi, chumvi kiasi, pilipili manga kidogo, ukiona imekauka ongeza maji." Kiasi ndo kiasi gani mama? Akacheka tu, "we pika mwanangu utaona."

Kumbe mama mdogo anaongea kama Mbabeli. Resipi za zamani kabisa zinazojulikana ziko kwenye vibao vya udongo vya Babeli (Iraki ya leo), vina miaka kama 3,700 na viko Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani. Karibu zote ni za mchuzi: andaa maji, tia mafuta, tia kitunguu, ponda liki (jamii ya kitunguu, ina majani marefu) na kitunguu saumu, basi, kwaheri. Hakuna gramu, na muda wa kupika ni nadra kutajwa.

Sababu ni kwamba aliyeandika hakua anamfundisha mtu asiyejua kupika. Aliyekua anasoma, au anasomewa, alikua ameshashinda jikoni miaka, anachohitaji ni kukumbushwa nini kinatangulia, mambo ya chumvi mkono wake unajua. Hata neno lenyewe resipi limetoka kwenye Kilatini, maana yake "chukua", madaktari ndo walikua wanaanza nalo wakiandika dawa. Chukua hiki, chukua kile. Mama mdogo naye kaanza na "chukua", angalia vizuri.

Vipimo vimekuja kushika kasi karne ya 19, pale mtu anaolewa au anahamia mjini mbali na mama yake halafu hana wa kumuuliza. Eliza Acton, mwandishi wa kitabu cha mapishi wa Uingereza, mwaka 1845 akaanza kuorodhesha vitu na vipimo vyake pembeni, mwisho wa kila resipi. Mwenzake wa hukohuko Isabella Beeton mwaka 1861 akavipandisha juu, mwanzoni, na akaongeza kitu ambacho mi nakipenda kuliko vyote, aliandika chakula kitagharimu shilingi ngapi na kitatosha watu wangapi (resipi nyingi alizibeba kwa Acton lakini hayo tuyaache). Halafu mwaka 1896 Fannie Farmer, mwalimu wa mapishi wa Boston kule Marekani, akaja na msimamo wake, kijiko ujaze kisha ufute juu kwa kisu kiwe sawasawa. Kabla ya hapo watu walikua wanaandika "siagi ukubwa wa yai", kama sisi tunavyosema tangawizi ukubwa wa kidole gumba.

Sasa turudi kwenye sandwichi zangu, hela ilikua ndogo. Pale buchani Kirumba, hapa Mwanza, sikuchukua steki, nikachukua mchanganyiko nusu kilo, watu wanaikimbia kwa sababu ina mifupa na ile minyama ya kuvutana nayo, lakini ndo yenyewe kwa kazi hii, maana ile migumu ina kolajeni (protini inayoifanya nyama iwe ngumu), ukiichemsha taratibu kwenye mkaa mdogo masaa mawili matatu inayeyuka inakua jelatini, ule utelezi unaofanya supu igande ikipoa. Nyama ikafika mahali nikigusa mfupa unatoka wenyewe. Nikaichambua kwa vidole ikawa nyuzi nyuzi, nikairudisha kwenye sufuria na kitunguu na supu yake kidogo ikaukie humo, nikakatia kabichi na karoti nyembamba, nikapaka kwenye mkate wa slesi. Zikatoka sandwichi sita zimeshiba, na supu iliyobaki tukalia ugali jioni. Ukiwa na haraka weka papai bichi kidogo, lina kimeng'enya kinachokata nyama, ila usilisahau humo, nyama inageuka uji.

Safari hii nikaandika kila kitu kama Fannie: maji vikombe vinne, limao nusu, chumvi kijiko kimoja cha chai kimefutwa juu. Nikamtumia mama mdogo kwa kujidai kidogo. Akajibu baada ya dakika tano: "Kijiko cha kwako au cha kwangu?"